Otenyo Nyamaterere: Shujaa wa Gusii aliyechukuliwa kichwa bila kuulizwa

Kuna vitu huwezi kumwambia nyanya yako wakati mnakula. Nilijua hivyo, lakini nikasema tu. Ilikuwa Desemba, tuko nyumbani Ogembo, jikoni kwa magokoro, ugali wa wimbi na chinsaga mbele yangu. Nikamwambia kwamba siku nikifa, ningependa mwili wangu upewe shule ya udaktari, wanafunzi wajifunzie.

Magokoro hakupiga kelele. Aliweka mwiko chini, akaniangalia vile watu huangalia mgonjwa, kisha akaniuliza kama nimemsahau Otenyo. Basi. Hakuongeza neno lingine, na hiyo chinsaga ikanishinda kumaliza.

Kama umekulia Gusii, hilo jina halitaki maelezo. Lakini kama wewe ni wa Umoja, Kondele ama Likoni, na Kisii unaijua kwa ndizi na Shabana FC peke yake, kaa nikupe hii stori. Ni stori ya kijana kama wewe na mimi. Na ukifika mwisho utaelewa kwa nini kwetu ukitaja kutoa mwili kwa sayansi, wazee huwa hawaoni daktari mwenye koti jeupe. Wanaona Mzungu na kisu.

Kijana wa Kitutu

Hakuna aliyeandika siku ambayo Otenyo Nyamaterere alizaliwa. Hatuna picha yake ya utotoni wala cheti chochote. Tunajua alikuwa mtu wa Kitutu, upande wa kaskazini mwa mahali mji wa Kisii ulipo leo. Sisi wa Ogembo ni Machoge, ukoo mwingine kabisa. Lakini Abagusii ni ndugu wa nyumba moja, na stori ya Otenyo inasimuliwa kwetu kama vile alizaliwa hapo ng'ambo ya mto Gucha.

Alikua katika siku za mwisho za Gusii huru. Wakati huo vijana wa kiume hawakulala kwa mama. Walikaa kwenye ebisarate, yaani kambi za ng'ombe, wakilinda mifugo usiku na mchana dhidi ya wavamizi. Huko ndiko ulijifunza mkuki, ngao, na jinsi ya kuvumilia baridi ya milima bila kulia. Miaka ya 1890 vijana wa aina hiyo ndio waliopigana na Wakipsigis katika vita vya Saosao, vita ambavyo wazee wetu mpaka leo wanavisimulia wakiwa wamekaa wima.

Unafaa kuelewa maana ya ng'ombe hapo. Ng'ombe hakuwa maziwa tu. Bila ng'ombe kijana hangeoa, kwa sababu mahari ilikuwa ng'ombe. Bila kuoa hukuwa na boma, na bila boma hukuwa mtu wa kusikizwa barazani. Kwa lugha ya leo, ng'ombe ilikuwa akaunti yako ya benki, kitambulisho chako na harusi yako, vyote kwa pamoja. Ukichukua ng'ombe wa mtu umemchukulia maisha ambayo bado hajayaishi.

Mtu mwingine muhimu katika maisha ya Otenyo ni mwanamke anayeitwa Moraa Ng'iti. Alikuwa mganga na mtu wa maono, mwenye sauti iliyofika mbali. Wengine husema alikuwa shangazi yake Otenyo, wengine husema ndiye aliyemlea kama mwanawe. Vyovyote vile, Otenyo alimsikiza. Na Moraa hakuwa wa kwanza kuona kwamba mambo yanabadilika. Kabla yake kulikuwa na nabii Sakawa, ambaye inasemekana alitabiri kuja kwa wageni weupe na hata akaonyesha mahali ambapo majengo yao yangesimama, pale ambapo leo ni mji wa Kisii.

Wageni wanafika

Wageni walifika kweli. Mwaka 1905 serikali ya Waingereza ilituma kikosi cha kwanza Gusii. Vijana walitoka na mikuki na ngao, wakakimbilia adui kwa pamoja vile walivyofundishwa. Upande wa pili kulikuwa na bunduki za rashasha. Afisa mmoja aliyekuwepo aliandika baadaye kwamba ile bunduki ilifyatua kwa muda mrefu mpaka chuma chake kikakaribia kuwa chekundu. Watu walikufa kwa wingi, ng'ombe wakaswagwa, nyumba zikachomwa.

Fikiria uko na miaka ishirini hivi na umeona hiyo kitu. Rafiki zako wa kisarate wamelala kwenye nyasi. Kesho yake unaambiwa uanze kulipa kodi ya nyumba kwa pesa ambazo hujawahi kuzishika, rupia, na kama huna, ng'ombe wako waliobaki wanaenda.

Mwaka 1907 Waingereza walifungua kituo cha utawala hapo Getembe, mahali ambapo watu walianza kuita Bosongo, kwa maana ya kwa Wazungu. Aliyewekwa kusimamia alikuwa Geoffrey Northcote. Huyu jamaa, ukimtazama kwa karibu, utashangaa. Alizaliwa 1881. Alipokuja kutawala Gusii alikuwa na miaka 26 tu. Leo mtu wa miaka 26 anatafuta intaneti ya bei nafuu na kazi ya kandarasi ya miezi mitatu. Yeye alipewa watu maelfu na maelfu awaamulie nani atalipa nini.

Abagusii walilitamka jina lake kwa namna yao, wakamwita Nyarigoti. Nyarigoti alitembea vijijini akikusanya kodi na kutoza faini ya ng'ombe. Moraa naye akawa anatembea vijijini, lakini yeye alikuwa anawauliza vijana swali moja: mnasubiri nini? Masimulizi yanasema aliwachapa kwa maneno. Kwamba kama wanaume wameamua kuwa wanawake, basi wavue ngozi zao za vita wawape wanawake wazivae. Najua leo hayo maneno yangemletea shida kwa mitandao. Wakati huo yalimwingia Otenyo.

Mkuki wa Januari 1908

Januari 1908, Northcote alikuwa katika safari ya kuchukua ng'ombe Kitutu. Alikuwa njiani akirudi, na mifugo ya watu ikiswagwa mbele yake. Otenyo alikuwa amejificha kando ya njia. Alimwacha apite kwanza, kisha akatokea na kumrushia mkuki, ukampata mgongoni.

Northcote hakufa. Alijeruhiwa vibaya, wakambeba, akatibiwa, akapona. Lakini habari ilikimbia kushinda farasi. Gusii nzima ilisikia kwamba Nyarigoti amechomwa mkuki, na wengine waliamini ameshakufa. Watu wakasimama. Kwa siku chache ilionekana kama utawala wa Bosongo umekwisha.

Halafu malipo yakaja. Wanajeshi wa KAR waliletwa, na kisasi cha 1908 kikawa kizito kuliko cha 1905. Vijiji vilichomwa. Ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu. Waliouawa walipita mia moja. Mambo yalikuwa mabaya mpaka Winston Churchill, ndio, yule yule, ambaye wakati huo alikuwa naibu wa waziri wa makoloni kule London, akalalamika kwa maandishi kwamba mauaji ya watu wasio na silaha za kujilinda yamezidi. Ukiona Churchill ndiye anayesema mmezidisha, jua mmezidisha.

Otenyo alitafutwa. Kila siku aliyokaa mafichoni, boma lingine lilichomwa. Hapo ndipo mimi humfikiria sana. Kumrusha mkuki ni dakika moja. Lakini kukaa kichakani ukiona moshi wa nyumba za watu wako, ukijua wanaungua kwa sababu yako na kwa sababu hawataki kusema uko wapi, hiyo ni kazi nyingine.

Mwishowe alikamatwa. Wazee husimulia kwamba aliuawa kwa kupigwa risasi hadharani, watu wakiitwa waje waone ili wajifunze. Na ndio hapa stori inageuka. Husimuliwa kwamba baada ya risasi walimkata kichwa. Watu wake walipoenda kutafuta mwili, waliukuta umetupwa, umeishia shingoni. Kichwa, kwa simulizi ambayo kila mtoto wa Gusii ameisikia, kilitiwa kwenye sanduku na kupelekwa Uingereza, serikali ikaone kwamba kazi imefanyika.

Hakijarudi. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na wazee wa Gusii wameendelea kudai kichwa cha Otenyo kirudishwe azikwe kama mtu.

Northcote yeye aliendelea na maisha. Alipanda vyeo, akawa gavana wa Guiana ya Uingereza, kisha kuanzia 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Akapewa heshima ya kuitwa Sir. Alikufa 1948. Ukitaka kujua alizaliwa siku gani, alisoma wapi, alioa nani, utapata kwa dakika mbili. Ukitaka kujua kichwa cha Otenyo kiko kwenye kabati gani, bahati njema.

Kwa nini walitaka vichwa?

Nilikuwa nafikiri ni ukatili tu. Kumbe kulikuwa na biashara nzima na elimu nzima nyuma yake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, makumbusho na vyuo vya Ulaya vilikuwa vinakusanya mafuvu kutoka makoloni. Waliyapima kwa rula, wakiamini ukubwa na umbo la fuvu linaweza kuonyesha ni kabila gani lina akili na gani halina. Ilikuwa upuuzi, lakini ulivaa koti la sayansi.

Huko Berlin kuna mkusanyiko wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka pande zetu za Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, mengine ya Tanzania, na machache ya Kenya. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba kwa kupima DNA wamepata jamaa walio hai Tanzania wa baadhi ya hao watu. Yaani mtu anaishi zake Kilimanjaro, anachuna kahawa, halafu anaambiwa kichwa cha babu kimekuwa Ujerumani miaka yote hii kikiwa na nambari.

Na wao kwa wao pia walifanyiana hivi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1752 ikisema miili ya wauaji walionyongwa ipewe madaktari wa upasuaji. Haikuwa kwa sababu ya elimu peke yake. Ilikuwa nyongeza ya adhabu, kwa sababu watu waliogopa kupasuliwa kuliko kitanzi chenyewe. Miili haikutosha, kwa hivyo wezi wakaanza kufukua makaburi. Huko Edinburgh mwaka 1828 wanaume wawili, Burke na Hare, waliona kufukua ni kazi nyingi, wakaanza kuua watu na kuuza maiti kwa mwalimu wa anatomia. Burke alinyongwa, na mwili wake ukapasuliwa mbele ya wanafunzi.

Mwaka 1832 wakapitisha sheria nyingine ya anatomia. Miili ya maskini waliokufa kwenye nyumba za serikali bila ndugu wa kuwadai ndiyo sasa ingeenda mezani. Ukiangalia vizuri, walihama kutoka kwa mhalifu wakaenda kwa maskini. Hakuna kati ya hao wawili aliyeulizwa.

Lakini mwaka huo huo wa 1832, mzee mmoja wa London, mwanafalsafa Jeremy Bentham, alikufa akiwa ameacha wosia. Aliandika mwenyewe kwamba mwili wake upasuliwe, rafiki zake waalikwe, watu wasome. Ikafanyika hivyo. Mifupa yake ilivalishwa nguo zake na kuketishwa kwenye kiti, na iko chuo kikuu cha UCL mpaka leo. Ni kitu cha ajabu kidogo, sikatai. Lakini nataka uone tofauti. Bentham na Otenyo wote wamekatwa baada ya kufa, na wote wamesafiri mbali na kaburi. Mmoja aliandika barua. Mwingine alipigwa risasi.

Na sisi tulikuwa na madaktari wetu

Kuna jambo ambalo hunichoma zaidi kila nikifikiria hicho kichwa. Katika makabila yote ya Kenya, hakuna waliojua kichwa cha binadamu kama Abagusii.

Kwetu kulikuwa na wataalamu wanaoitwa ababari, omobari akiwa mmoja. Hawa walikuwa wanafungua fuvu la mtu aliye hai. Kama umegongwa kichwa, ukawa na maumivu yasiyoisha, omobari alikata ngozi, akaifunua, akakwangua mfupa polepole mpaka akatoa kipande kilichovunjika, kisha akafunika na kukuuguza kwa dawa za mitishamba. Wengi walipona, wakarudi shambani. Katika karne ya 20 madaktari kutoka nje walikuja Kisii na kamera, wakarekodi upasuaji huo na kupiga eksirei za wagonjwa, kwa sababu hawakuamini.

Sasa niambie. Hawa ni watu ambao walikuwa wanakubali mtu afungue kichwa chao na wembe. Shida yao haikuwa kisu. Mgonjwa wa omobari alijitolea mwenyewe, ndugu zake wakiwa pale wanamshika, na omobari alikuwa mtu wanayemjua kwa jina. Akikosea, walijua nyumbani kwake.

Wengine wamerudi

Wengine waliochukuliwa wamerudi. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 badala ya kushikwa na Wajerumani. Walimkata kichwa. Wahehe walikidai mpaka jambo hilo likaandikwa kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza Vita Vikuu vya Kwanza. Hebu fikiria, mataifa makubwa yamekaa kugawana dunia na kwenye karatasi kuna fuvu la mtu wa Iringa. Hata hivyo lilichukua muda. Fuvu lilirudi mwaka 1954, na liko Kalenga, karibu na Iringa, unaweza kwenda kulitazama.

Majirani zetu Wanandi nao wana kidonda kama chetu. Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen Oktoba 1905, akiwa amekuja kwa mazungumzo ya amani. Mwaka 2006 fimbo zake zilirudishwa kutoka Uingereza. Kichwa chake, ambacho Wanandi husema pia kilibebwa, bado wanakidai. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023 alisema anajuta kwa maovu ya ukoloni. Majuto hayakuja na sanduku.

Ile meza yenye nambari

Sasa nirudi kwangu, maana huenda unajiuliza hii mambo ya kutoa mwili nilitoa wapi.

Niliwahi kusomea kozi ya afisa wa kliniki. Nilisoma mwaka mmoja tu, halafu karo ikakatalia njiani, nikarudi mtaani na sasa ninaandika. Lakini huo mwaka nilifika kwenye maabara ya anatomia. Siku ya kwanza harufu ya formalini ilinitoa machozi nikajifanya ni mafua. Mezani alikuwa mzee. Mikono yake ilikuwa na sugu, zile za mtu ambaye ameshika jembe maisha yake yote. Alikuwa na nambari mguuni.

Yule mzee alinifundisha mengi kushinda vitabu. Nilishika moyo wake kwa mikono yangu. Nilijua mshipa wa damu unapita wapi kwa sababu niliufuata kwa kidole. Kama leo ukianguka mbele yangu umekatwa pajani, najua pa kufinya, na ninajua kwa sababu yake. Mchoro haukufundishi hivyo. Watu si sawa ndani, na daktari ambaye hajawahi kuona ndani ya mtu halisi atakuja kuona kwa mara ya kwanza ndani yako, ukiwa hai.

Lakini swali lilinikaa. Nani alimuuliza huyu mzee? Nilimuuliza mwenzangu wa mwaka wa pili, akaniambia wengi wa hawa ni wale waliokaa mochari bila mtu kuwadai. Nikaelewa. Ile sheria ya Waingereza ya 1832 ilipanda meli ikaja huku. Kenya tuna Sheria ya Anatomia, Sura ya 249, na miaka mingi vyuo vyetu vimetegemea miili isiyo na mwenyewe. Labda ana watoto wanaomtafuta. Labda kuna mama mahali ameacha mlango bila komeo.

Ndiposa nikaamua kwamba mimi nitajitoa. Kama kuna mtu lazima alale kwenye ile meza ndio wewe upate daktari, basi awe mtu aliyesema ndio kwa mdomo wake mwenyewe. Na sheria inakuruhusu. Sheria ya Tishu za Binadamu, Sura ya 252, inasema unaweza kuandika ukiwa mzima kwamba mwili wako utumike kwa matibabu, masomo ya udaktari au utafiti, ama useme mbele ya mashahidi wawili ukiwa katika ugonjwa wako wa mwisho. Hata Kisii sasa kuna chuo kikuu kinachofundisha udaktari, na hospitali kubwa ya rufaa. Mwili wangu haungehitaji kupanda meli.

Nilikuwa nimepanga hayo yote kichwani, safi. Nilichosahau ni kwamba sitakuwepo kujibeba. Mwili wangu utakuwa mikononi mwa baba, ndugu zangu, na wajomba wenye sauti kubwa. Wakisema hapana, karatasi yangu itafungiwa sukari. Na wao wote wamelelewa na stori ya Otenyo.

Mstari wa mwisho wa fomu

Siku ya pili nilirudi jikoni kwa magokoro. Sikwenda kubishana. Nilimuuliza anisimulie Otenyo upya, kutoka mwanzo, kana kwamba sijawahi kusikia. Akanisimulia akichambua mboga. Alipofika mahali pa kichwa, nilimuuliza ni nini hasa kinachomuuma. Kukatwa? Kufa?

Akafikiria kwa muda. Akanieleza kwamba watu hufa, na hata kukatwa, mtu akishakufa hasikii. Kinachomuuma ni kwamba Otenyo hayuko mahali. Kwetu mtu huzikwa bomani, karibu na nyumba, wajukuu wakicheza wanajua hapa ni babu, usikanyage. Ukipita unamwambia habari. Otenyo huwezi kumwambia habari, kwa sababu sehemu inayosikia iko kwa watu wengine.

Nikamwambia kwamba vyuo hutumia mwili kwa muda, halafu kinachobaki huweza kuzikwa. Akaniuliza kinazikwa wapi. Nikanyamaza.

Fomu nilikuwa nayo kwenye begi. Akaniambia niisome, lakini kwa Ekegusii. Wasee, jaribuni hiyo kazi siku moja. Kuna maneno ya kitabibu ambayo sikuwa nayo kabisa, nikawa nazunguka zunguka, yeye ananirudisha. Mahali palipoandikwa utafiti nilisema ni kutafuta kitu ambacho hakijulikani. Alikubali hiyo. Tulipofika mwisho aliniuliza ni mstari upi unaosema nitarudishwa Ogembo.

Haukuwepo. Akaniambia niuandike.

Nikachukua kalamu, nikaandika pale chini kwa mkono wangu kwamba wakimaliza kujifunza, mifupa yangu irudishwe kwa watu wangu, yote, na kichwa kikiwemo, izikwe bomani kwetu. Magokoro hasomi Kiswahili vizuri, lakini aliweka kidole kwenye kila neno nikimtafsiria. Kisha akaniambia yeye ni mzee, atatangulia, kwa hivyo si yeye wa kushawishiwa. Nimwambie baba yangu, mbele yake, na nianze na stori ya Otenyo kabla ya kutoa fomu.

Baba anakuja Pasaka. Nafasi mbili za mashahidi bado ziko wazi. Magokoro amesema moja ni yake, baba akishasikia.